Mshororo wa Tano

Shairi lenyewe nililitunga mimi, na ni afadhali nikiri mapema, nisije nikaonekana nasimulia kosa la mtu mwingine. Vitabu vya fasihi shuleni kwetu hapa Bunia vilikuwa vimebaki vinne, na kimoja mchwa walikuwa wamekila kuanzia jalada hadi katikati. Nafundisha Kifaransa mwaka wa ishirini na mbili sasa, na nina ugonjwa mmoja: siwezi kumwachia mtu kazi ninayoona ningeifanya vizuri kuliko yeye. Prefe, yaani mkuu wa shule yetu, aliposema anahitaji shairi la mtihani, sikungoja aniombe mara ya pili.

Ulikuwa mtihani wa watu wasio na karatasi. Miaka hii familia nyingi za Djugu, ambako jamii zinachomeana vijiji, zimekimbilia mjini na vitu vya kushika mkononi tu, na hakuna anayekimbia moto akakumbuka biletini, zile ripoti za alama za shule. Shule nyingine zilikuwa zinawarudisha watu hao mlangoni. Prefe wetu aliona haya, akapanga kwamba yeyote anayesema alifika mwaka wa tano wa sekondari afanye mtihani mmoja wa lugha. Akipata alama kumi kwa ishirini, anaingia mwaka wa sita, ule wa diploma. Akikosa, anaanzia mwaka wa nne. Maswali yangekuwa ya Kifaransa lakini shairi la Kiswahili, kwa sababu prefe alitaka kupima akili, si kupima nani alilelewa na masista.

Nikatunga kwa mtindo ambao Wafaransa huutumia kuwasifu majemadari wao: mishororo miwili miwili, kila jozi na kina chake, kila mshororo mizani kumi na mbili, sita huku na sita huku. Kwa kuwa lugha ni Kiswahili, nikaongeza na vina vya kati. Shujaa wangu hakuwa jemadari. Alikuwa mwanamke niliyesikia habari zake, aliyewavusha watu mto siku kijiji chao kilipoungua. Lilikuwa hivi:

Nawasimulia sifa za shujaa,
na mgongo pia usiochakaa.
Kabeba wazee, kabeba na wana,
mto uenee kwa maji mapana.
Moto wa jirani ulipoingia,
hakukaa ndani, alitupitia.

Ule mgongo naujua mwenyewe, uliingia kwa ajili ya kina, na mtunzi asiye na mgongo wa namna hiyo anyooshe mkono. Lakini mengine niliyapenda. Niliyasoma kwa sauti jikoni, nikagonga meza kwa kidole, kumi na mbili, kumi na mbili, hadi mwisho. Siku hiyohiyo nikaandika korije pia, karatasi ya majibu sahihi ambayo kwetu hufungwa ndani ya bahasha na kupigwa muhuri kabla ya mtihani, ili mwalimu asije akabadilisha majibu kwa kumpendelea mtu. Jibu la swali la tatu lilikuwa fupi: mishororo yote ina mizani kumi na mbili, alama mbili.

Kabla ya mtihani niliwafundisha wale watahiniwa majuma mawili, wakati wa likizo. Walikuwa kumi na wawili, na mmoja wao ndiye aliyenifanya niandike haya. Alikuwa na miaka ishirini na saba na watoto watatu, wa mwisho akiwa bado wa kubebwa. Mume wake alikwenda upande wa Mambasa kupasua mbao, na simu yake ilikuwa haipatikani tangu masika. Yeye alikaa kambini, pembeni mwa mji, ndani ya hema la turubai. Alikuwa akisaidia kwenye kituo cha afya cha hapo kupima watoto uzito, na wauguzi walimwambia wazi kwamba akileta diploma ya taifa mwaka ujao, nafasi ya kusomea uuguzi ipo. Mwaka ujao, si baadaye. Aliniambia siku ya kwanza, bila mimi kumwuliza.

"Madame, mwaka moja naweza. Nimeongea na mama yangu, atabaki na batoto. Lakini wakinirudisha mwaka wa nne, ni miaka tatu. Miaka tatu sina."

Nikamwambia asihofu. Nilisema vile kwa sababu ndivyo walimu tunavyosema.

Somo la mizani ndilo linalonipandisha hasira kuliko yote. Wanafunzi huhesabu herufi, huhesabu maneno, wengine hukisia tu halafu wanakutazama usoni kuona kama wamepatia. Nilikuwa nawapigisha makofi, silabi moja kofi moja, na darasa zima linapiga ovyo hadi jirani wa shule anachungulia dirishani. Yule mama hakupiga makofi kwa sababu alikuwa na mtoto. Alikuwa anagonga dawati kwa vidole viwili, kimoja cha mkono wa kushoto na kimoja cha kulia, kwa zamu. Niliandika ubaoni mshororo wenye mizani kumi na tatu kwa makusudi, mtego wangu wa kila mwaka. Kabla sijamaliza kugeuka, akasema, "Ile inazidi moja."

Nikamwuliza amejuaje upesi hivyo.

"Ni sawa vile kuponda sombe na mwenzako mu kinu moja, Madame. Weye unapiga, yeye anapiga. Mumoja akizidisha, michi inagongana. Hauhesabie. Unasikia tu."

Darasa likacheka, nami nikacheka. Nimeponda sombe, majani yetu ya muhogo, tangu nina miaka saba, na sijawahi kufikiri kwamba mikono yangu ilikuwa inahesabu mishororo. Tangu siku ile nikawa nasubiri kumsikia yeye kabla sijasema jibu, na mara mbili alinisahihisha mimi. Sikukasirika, na wanaonijua watashangaa.

Siku moja kabla ya mtihani nilimpelekea prefe shairi alione. Alisoma akiwa amesimama, kalamu mkononi. Alipofika mshororo wa tano akakaa.

"Jirani gani, Madame?"

"Jirani tu, Prefe. Ni shairi."

"Mu classe iko batoto ya pande zote. Kila mumoja atasoma hii neno, kisha ataangalia mwenzake. Weye unajua."

Nilijua. Miaka michache nyuma insha moja ya historia ilitufungia darasa juma zima, na wazazi walikuja shuleni wakiwa hawajaja kusalimia. Prefe si mtu mbaya. Ameweka watoto wa pande zote kwenye madawati yaleyale kwa miaka mingi, na amefanya hivyo kwa kuogopa maneno madogomadogo ya namna ile. Akalifuta neno "jirani" na juu yake akaandika "watu".

"Watu ni batu yote," alisema. "Hakuna mwenye atakasirika."

Nikakubali. Mtu wa pikipiki alikuwa ananingoja getini, na binti mmoja wa kupiga chapa kule katikati ya mji alikuwa ameniambia jenereta lake linazimwa saa sita. Nilipanda, nikaenda, karatasi zikapigwa. Moto wa watu ulipoingia. Mimi ninayegonga rula mezani kwa silabi ya mtoto wa watu, sikuuhesabu mshororo wangu mwenyewe. Mizani tano, kisha sita. Na korije ilikuwa tayari ndani ya bahasha, yenye muhuri.

Asubuhi ya mtihani mvua ilinyesha juu ya mabati hata maelekezo niliyasema mara mbili. Yule mama alimwacha mtoto wake na mwanamke mwenzake wa kambini, pale barazani. Nilikuwa natembea kati ya madawati, na nilimwona akigonga kwa vidole viwili, taratibu, mshororo mmoja baada ya mwingine. Alipofika wa tano akasimama. Akaurudia. Akaurudia tena, midomo ikicheza, halafu akainua kichwa akanitazama. Nikadhani anataka ruhusa ya kutoka akamnyonyeshe mtoto. Kanuni inasema mtu asitoke kabla ya saa moja kupita, kwa hiyo nikageukia dirishani kama sikumwona.

Nilisahihisha mchana, nyumbani. Watahiniwa kumi na mmoja waliandika kumi na mbili, na nina hakika kumi kati yao hawakuhesabu hata kidogo. Waliandika kile mwalimu anachotaka, wakapata alama zao mbili. Karatasi yake ilikuwa ya mwisho. Kifaransa kilikuwa kimemchosha katikati ya swali la tatu, akaendelea kwa Kiswahili cha nyumbani, namba tu zikabaki za Kifaransa, onze kumi na moja, douze kumi na mbili.

"Mushororo wa tano iko na onze. Yote ingine ni douze. Hapa neno moja ilikatwa na wakaweka ingine ya fupi. Ile ya kwanza ilikuwa na silabi tatu, na mwisho yake ni 'ni', juu ya kukutana na 'ndani' chini yake. Neno ni jirani."

Na swali la nne, lililouliza kazi ya marudio katika shairi, alijibu hivi: "Mutunzi anarudilia 'kabeba' mara mbili juu mutu mwenye kubeba hawezi kutua. Lakini jirani alisema mara moja tu, na hiyo moja waliifuta. Wenye walichoma kwetu pia walikuwa jirani. Tulichota maji fasi moja. Nawajua."

Niliinuka nikatembea hadi mlangoni nikarudi. Kwanza nilifurahi, na sitaficha, nilifurahi kwa majivuno: huyu ni mwanafunzi wangu, nimemfundisha mimi. Alikuwa amelichunguza shairi mpaka akaona kovu lake, kwa mizani na kina tu, bila kuambiwa na mtu. Kwa miaka ishirini na mbili sijaona karatasi ya namna ile. Halafu nikajumlisha alama. Bila zile mbili alikuwa na tisa. Nazo, kumi na moja. Hapo ndipo nikakaa chini.

Jumatatu nilimpelekea prefe karatasi ile. Aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Mwanamuke huyu iko na akili," alisema.

"Basi tumupe alama zake, Prefe. Amesema kweli. Ni sisi tulikosea."

"Tukimupa tutaeleza. Mu kikao iko walimu kumi na tano. Watauliza: korije inasema douze, huyu anasema onze, kisha mumemupa, juu ya nini? Utafungua karatasi mbele yao. Utawasomea na hii?"

Kidole chake kilikuwa juu ya neno la mwisho, nawajua.

Nilitafuta njia. Nilisema tulifute swali la tatu kwa wote. Akasema tukilifuta watauliza kwa nini, na karatasi zote zitafunguliwa. Nilisema nimwongezee alama kwenye swali lingine. Akasema karatasi ya kila anayefaulu inasomwa na msahihishaji wa pili, na mimi mwenyewe ndiye niliyeidai kanuni hiyo mwaka juzi, kwa kelele. Alikuwa sahihi kwa kila neno, na ndicho kilichonichoma. Kati ya wale walimu kumi na tano kuna watu wa pande zote, na wawili wanatoka milima ileile alikotoka yeye, lakini wa upande ule mwingine. Sisemi ni watu wabaya. Nasema tu kwamba yeye analala nyuma ya turubai na watoto watatu, na mtu akitaka kujua ni hema lipi, hahitaji kuuliza mara mbili. Kumtetea kulikuwa ni kuyasoma maneno yake mbele za watu, na kunyamaza kulikuwa ni kumnyang'anya mwaka wake. Nilikaa pale ofisini na mikono mapajani.

Prefe akaifungia karatasi kwenye droo yake, akasema, "Hii itabaki hapa," kwa sauti ya mtu anayemfunika mgonjwa. Kwenye orodha akaandika tisa.

Jioni ya siku hiyo nilikuwa nachota maji bombani, nikisikia mshororo ule unazunguka kichwani bila kukoma, mara nikaupata. Moto wa jioni. Jioni, mizani tatu, kina cha "ni", kinakutana na "ndani" sawasawa, wala hakimtaji mtu. Prefe angelipitisha bila kukaa. Yule mama angegonga kumi na mbili, angeandika kumi na mbili, angepata kumi na moja kwa ishirini, na sasa angekuwa anatafuta sare ya mwaka wa sita. Neno lilikuwapo siku zote, na mimi, mtunzi, nilihitaji dakika mbili tu za kulitafuta, nikazipeleka kwenye pikipiki. Ndoo ilijaa ikamwagika na watu nyuma yangu wakaanza kunung'unika.

Nilifikiri na jambo lingine. Kwa kanuni za ushairi, jirani na jioni yote mawili yalikuwa sahihi kwenye tundu lile. Yeye hakuandika "labda". Hakuiona jioni hata kidogo.

Matokeo yalibandikwa Jumatano kwenye mlango wa ofisi. Nilipanga nisipite huko, lakini darasa langu liko upande uleule. Alikuwa amesimama pale na mtoto mgongoni, watu wengine watano sita wakisoma orodha, na walimu wawili wakipiga soga pembeni. Hakuwa analia. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, kisha akasogea karibu.

"Madame, niko na neuf."

"Nimeona, mama. Pole sana."

"Sikuje kulalamika. Nilitaka tu kuuliza ile ya tatu. Nilihesabia mara tatu. Mushororo wa tano iko onze, hapana?"

Wale walimu wawili walikuwa wamenyamaza. Mmoja alikuwa ananitazama, pengine bila sababu yoyote, pengine akingoja tu nimalize tuingie ofisini. Nilijua nikisema kumi na moja, ataniuliza kwa nini basi amekosa alama, na atauliza neno la kwanza lilikuwa nini, na atasema mwenyewe lilikuwa nini, palepale, kwa sauti yake isiyojua kunong'ona. Nilikuwa na sababu, na nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile. Nyingine zilikuwa kwa ajili yake na nyingine zilikuwa kwa ajili yangu mwenyewe, na siwezi kusema ngapi ni ngapi.

"Ni kumi na mbili, mama," nikasema.

Hakubisha. Aliweka vidole viwili ukutani, akagonga polepole, kushoto, kulia, akinong'ona. Mo-to-wa-wa-tu. Akasimama palepale nilipojua atasimama. Uso wake ulikuwa na mashaka, lakini hayakuwa mashaka juu yangu. Akaanza tena, na safari hii akauvuta, mo-to-wa-waa-a-tu, akalipa lile neno silabi ambayo halikuwa nayo, akaendelea hadi mwisho na ukuta ukapokea kumi na mbili.

"Ee," akasema. "Iko douze. Ni sikio yangu njo ilikosa. Unisamehe Madame, nilikuandikia mambo mingi ya bure."

Nilipaswa kusema kitu. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni kwamba masomo yanaanza Jumatatu, saa moja na nusu, mwaka wa nne.

Alikuja. Yuko darasani kwangu sasa, dawati la pili, kati ya watoto wa miaka kumi na sita wanaomwita mama. Kwenye kituo cha afya wamemwajiri mwingine kupima uzito. Hachelewi, na daftari lake ni safi kuliko yote. Ninapoandika mshororo ubaoni na kuuliza mizani ni ngapi, vidole vyake vinabaki vimekunjwa. Anangoja niseme mimi, kisha anaandika nilichosema.